Koli Kumi na Moja

Consolate aliishi Buterere, pembeni mwa mji, mwisho wa barabara, pale mashamba ya mpunga yanapoanza. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na bati la zamani. Mvua kubwa ikinyesha, maji yaliingia mpaka chini ya kitanda, na vyura waliingia pamoja nayo bila kubisha hodi. Mume wake, Sylvère, alibeba magunia ya chumvi katika ghala moja la Zone Industrielle, mtaa wa viwanda karibu na bandari. Walikuwa na watoto wawili wa kike. Elvire alikuwa na miaka tisa. Prudence alikuwa bado wa mgongoni.

Kila jioni, jua likikaribia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, Consolate alifunga mlango. Alivuta valizi, sanduku la nguo, kutoka chini ya kitanda. Alitoa kitenge chake cha harusi. Alitoa mashuka mawili. Alitoa koti la Sylvère. Chini kabisa kulikuwa na kopo dogo, bapa, la dawa ya viatu.

Ndani hamkuwa na dawa ya viatu. Mlikuwa na vidonge vidogo vyeupe.

"Elvire, kuja," aliita kwa sauti ya chini.

Elvire alimeza kidonge kimoja na maji. Kisha mama yake alirudisha kopo, koti, mashuka na kitenge, akasukuma valizi mahali pake. Ndipo alipofungua mlango, kama mtu aliyekuwa akifagia tu.

Elvire alikuwa na kifafa. Alianza kuanguka akiwa na miaka mitano. Pale kituo cha afya, muuguzi Caritas alimpa vidonge, akasema: "Kimoja kila jioni. Usikose hata siku moja. Ukiacha ghafla, ugonjwa unarudi kwa nguvu." Na kweli, akimeza kila jioni, Elvire hakuanguka. Alisoma, alicheza kamba, aligombana na wenzake kama mtoto yeyote.

Lakini Consolate hakutaka mtu ajue. Watu wengi walisema kifafa kinaambukiza, kwamba mate ya mgonjwa yakikugusa, na wewe umeisha. Mtoto kama huyo ananyimwa kikombe, anatengwa kwenye dawati. Kwa hiyo dawa ilikaa katika kopo la dawa ya viatu. Na kopo lilikaa chini ya kila kitu.

Siku moja, Jumatano, Sylvère alirudi kazini mapema. Hakuvua hata viatu.

"Mama Elvire," alisema, "tunahama."

Consolate alikuwa akichagua maharagwe. Mkono wake ulisimama.

"Tena?"

"Tena. Hukusikia milio ya bunduki jana, upande wa mpunga? Nyumba tatu za mbele zimekwisha kuwa tupu. Nimepata vyumba viwili Buyenzi, mjini, avenyu ya kumi na tatu. Shakuru, yule mekanisia wa magari, atatuletea kamioneti yake ya mizigo Jumamosi. Petroli yake inatosha safari moja tu. Hakuna ya pili."

Ulikuwa mwaka wa vikwazo. Nchi jirani zilifunga mipaka, na petroli iliuzwa kwa chupa kama mafuta ya kupikia. Vita navyo vilikuwa na miaka mitatu. Toka vianze, Consolate na Sylvère walikuwa wamehama mara tatu: mara mbili kwa sababu ya bunduki, mara moja kwa sababu mwenye nyumba alirudi. Hii ilikuwa ya nne.

"Mi siogopi kuhama," alisema Consolate polepole. "Kuhama nimezoea. Mi naogopa zile siku mbili."

Sylvère alitazama chini. Alijua ni siku mbili zipi.

Walipohamia Buterere, mdogo wake Sylvère alikuja kuwasaidia. Aliona kopo la dawa ya viatu ndani ya valizi. Alishangaa. "Dawa ya viatu inakaa na kitenge cha harusi?" Akalitoa, akalitia katika gunia la viatu. Alifikiri anasaidia. Walipofika, mizigo yote ilitupwa chumbani, furushi juu ya furushi. Consolate alifungua valizi, kopo hakuna. Alitafuta jioni ile. Alitafuta siku ya pili, akafungua mafurushi ishirini na kitu, sufuria zikachanganyika na nguo. Hakupata. Hakuthubutu kuuliza mtu. Jioni ya pili Elvire alianguka, na mkono wake wa kushoto ukaingia katika mbabura, lile jiko la makaa, likiwa na moto. Kopo lilipatikana kesho yake, ndani ya kiatu cha mvua.

Alama ya moto ilikuwa bado kwenye mkono wa Elvire, toka kiwiko mpaka karibu na kiganja.

"Safari hii apana," alisema Consolate. Alisimama. "Safari hii mutoto wangu haanguki."

Basi, kesho yake, Alhamisi asubuhi, alianza kufunga. Alifunga kama alivyofunga siku zote. Alitandaza shuka kubwa, akatupa ndani sufuria, sandali, nguo za Prudence, mwiko, taa ya mafuta ya taa, akafunga ncha nne. Alichukua shuka jingine. Valizi aliifunga kwa kamba mara saba, akaisukuma chini kabisa ya mafurushi yote.

Jirani yao aliitwa Mohamadi. Alikuwa amebeba mizigo bandarini miaka ishirini, katika maboti ya Kigoma na ya Kongo. Siku zile za vikwazo kazi bandarini ilikuwa ndogo, naye alishinda nyumbani, akimchosha mke wake Sijaona kwa maneno. Alisikia sufuria zikipiga kelele ndani ya shuka. Alikuja akasimama mlangoni, kijiti cha mswaki mdomoni.

"Mama Elvire," alisema, "unapakia ama unazika?"

"Ee, muzee, usinicheke. Tunahama Jumamosi."

"Najua. Sichekei kuhama. Nachekea hilo kaburi. Ile valizi ya chini ina nini?"

"Vitu vya maana."

"Basi umevizika. Kitu cha maana kiko chini, kikombe kilichovunjika kiko juu. Bandarini ungefukuzwa kabla ya saa sita."

"Nikiweka juu, wezi watabeba!"

"Na ukiweka chini, utajiibia mwenyewe," alisema Mohamadi.

Consolate aliitazama tena valizi. Neno lile lilimwingia. Aliona tena kiatu cha mvua. Aliona mbabura.

"Haya," alisema. "Nifundishe. Lakini unifundishe kweli, si maneno ya mchezo."

Mohamadi alitupa mswaki. Aliita kwa sauti: "Sijaona! Lete chaki ile ya mutoto!"

"Chaki iko palepale ulipoiacha!" Sijaona alijibu toka uani kwake. "Toka lini we unajua kitu kilipo?" Lakini alikuja nayo, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa ili aone vizuri.

"Kwanza," alisema Mohamadi, "fungua yote. Toa vyote uani. Jua liko, watu tuko."

Walitoa vyote. Consolate aliona haya. Vitu vilikuwa vingi kuliko alivyofikiri. Kulikuwa na sufuria isiyo na chini. Kulikuwa na viatu vitatu vya mguu mmoja. Kulikuwa na jerikani mbili zinazovuja, na mlango wa kabati ambalo lilibaki Kinama, walikokaa zamani, miaka miwili iliyopita.

"Huu mulango ni wa nini?" aliuliza Mohamadi.

"Wa kabati."

"Kabati iko wapi?"

Consolate alianza kucheka mwenyewe. "Tumehamisha mulango mara mbili, na kabati hatuna!"

"Muachie Sijaona apikie maharagwe. Kitu kisichofanya kazi hakipandi boti. Kinachukua nafasi ya kinachofanya kazi."

Vilivyobaki walivigawa. Vya jikoni pamoja. Vya kulalia pamoja. Nguo pamoja. Viatu na jembe pamoja. Sufuria ndogo iliingia ndani ya kubwa, na vikombe vilifungwa kwa nguo za Prudence visivunjike. Mohamadi aliinua kila mzigo kwa mikono yake. Mmoja ulimshinda kidogo, akasema ugawanywe.

"Muzigo unaoshinda mutu mumoja, barabarani utawashinda watatu," alisema. "Sasa sikiliza neno la bandarini. Kila muzigo uliofungwa tunaita koli. Gunia ni koli. Sanduku ni koli. Viti viwili vikifungwa pamoja ni koli moja. Bandarini hatuhesabu vitu. Tunahesabu koli. We ulikuwa na vitu mia, nani atakumbuka mia? Ukiwa na koli kumi, hata mutoto atakumbuka."

Elvire alikuwa amechuchumaa karibu na mlango. Mama yake alimzoeza kukaa pembeni. Kila walipohama alilazwa juu ya mizigo, amefunikwa kitenge, asionekane.

"Na mi ni koli gani?" aliuliza.

Sijaona aliangua kicheko. Mohamadi hakucheka. Alimtazama yule mtoto, akatazama mkono wake.

"We unajua kuandika namba?"

"Niko mwaka wa tatu!" alisema Elvire kwa hasira kidogo.

"Basi we si koli. Bandarini kuna mutu mumoja anayesimama mlangoni mwa boti na chaki. Hakuna koli inayopita asiyoihesabu. Hata kapiteni anamungoja. Anaitwa pwanteri. Kamata chaki."

Elvire alishika chaki. Kwenye kila koli aliandika namba kubwa. Chini ya namba alichora picha, kwa sababu Consolate hakusoma vizuri: sufuria kwa vya jikoni, kitanda kwa blanketi, moto kwa mbabura. Mohamadi alitaka picha ziwe pande mbili za kila koli. "Muzigo hauombi ruhusa ukigeuka," alisema. Kisha Elvire aliandika orodha katika ukurasa wa daftari lake. Koli zilikuwa kumi na moja.

"Sasa kupakia," alisema Mohamadi. "Hapa ndipo watu wote wanakosea. Jumamosi mukifika Buyenzi, mutahitaji nini kwanza?"

"Moto," alisema Consolate. "Na blanketi. Na sufuria."

"Basi moto, blanketi na sufuria vinaingia kwenye kamioneti mwisho. Meza na mbao za kitanda zinaingia kwanza, zinakwenda mbele kabisa. Kinachotoka kwanza kinaingia mwisho. Pakia ukianza na kesho, umalize na leo."

Alimfundisha pia kufunga fundo linalokaza sana, lakini ukivuta ncha moja linafunguka. "Kwenye barieri, pale wanajeshi wanapofunga njia, watataka kuona. Fundo gumu wanalikata kwa kisu, na vitu vyako vinabaki barabarani. Hili unavuta, wanaona, unafunga, unakwenda."

Consolate alifunga fundo lile mara tano, mpaka vidole vikajua vyenyewe. Kisha alisimama kando ya valizi. Ilikuwa koli namba saba. Alikuwa ameifunga upya mwenyewe, hakuruhusu mtu aiguse.

"Bado kitu," alisema Sijaona. Alikuwa amemtazama muda wote. "Kuna kitu ndani ya hiyo, mama Elvire."

"Nguo tu."

"Na kopo la dawa ya viatu."

Consolate aligeuka. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Siku mutoto alipoungua, mi ndiye nilileta maji. Niliona namna alivyoanguka, na kesho yake nikakuona unamupa kidonge toka kwenye kopo. Mutoto wa dada yangu anaanguka hivyohivyo." Sijaona alipunguza sauti. "Nimemupangusa mate Elvire siku ile kwa mukono wangu huu. Ni mwaka sasa. Niko na kifafa mi?"

Consolate aliutazama mkono ule.

"Kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa kikombe. Muuguzi ametuambia sisi wote kwa dada. Mutu akianguka, unamuondoa karibu na moto, unamulaza ubavu, unamuwekea nguo laini chini ya kichwa. Humushikilii kwa nguvu. Humutii kitu mudomoni, hata kijiko. Ikipita dakika tano, unakimbilia kituo. Ni hayo. Lakini jirani asiyejua, atafanya nini? Atakimbia. Na dawa iliyofichwa, nani atakusaidia kuitafuta?"

Mohamadi alikuna shingo. "Makaratasi ya boti," alisema, "hayaingii tumboni mwa boti. Kapiteni anayabeba mwenyewe. Boti likichelewa, likishikwa njiani, makaratasi yako naye. Hiyo dawa si koli, mama Elvire. Hiyo ni ya mukononi."

Consolate alipiga magoti. Alivuta fundo moja tu, na valizi ikafunguka. Alitoa kopo. Alilishika kitambo.

"Ya mukononi," alisema.

Siku ya Ijumaa alikwenda kituo cha afya, mtoto mgongoni. Muuguzi Caritas alifurahi kumwona kabla ya kuhama na si baada. Alimpa vidonge vya mwezi mmoja katika chupa iliyoandikwa jina la Elvire. Aliandika kwenye karatasi jina la dawa na kiasi chake. "Ukifika, tafuta kituo cha huko wiki hiyohiyo," alisema. "Waonyeshe karatasi hii. Usingoje chupa iwe tupu." Kopo la dawa ya viatu Consolate alimwachia Sylvère, alitie dawa ya viatu.

Jioni ile walitayarisha mfuko wa mkononi. Ulikuwa mfuko wa kitambaa wenye mikanda miwili. Ndani walitia chupa ya dawa, karatasi ya muuguzi, vitambulisho, karatasi za kuzaliwa za watoto, kiberiti, mshumaa, kikombe, chupa ya maji, viazi vitamu vilivyopikwa na kitenge kimoja cha kulalia. Hakuna zaidi. Consolate aliupima begani. Aliweza kutembea nao, Prudence mgongoni.

Jumamosi Shakuru alichelewa. Alifika saa tisa mchana, amekasirika, mikono ina mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Haya, tupa, tupa, tupa!" alipiga kelele. "Tunakwenda!"

"Hatutupi," alisema Elvire. Alikuwa amesimama nyuma ya kamioneti na chaki. "Namba moja kwanza. Mbao za kitanda."

Shakuru alimtazama Sylvère. "Huyu nani?"

"Pwanteri," alisema Sylvère. "Mi mwenyewe namungoja."

"Toto jeuri," alisema Shakuru, lakini alibeba mbao. Koli ziliingia moja moja. Elvire alitia alama kwenye orodha. Namba nane, blanketi, namba nne, sufuria, na namba kumi, mbabura, ziliingia mwisho kabisa. Walimaliza kabla ya saa kumi. Shakuru alitazama nyuma ya gari, akapiga mluzi. "Mi hupakia nyumba moja masaa matatu," alisema.

Mohamadi na Sijaona walisimama barabarani. Hakuna aliyelia. Sijaona alimfungia Consolate mkanda wa mfuko vizuri begani. "Usiushushe," alisema.

Kwenye barieri mwanajeshi aliamuru gunia lifunguliwe. Alionyesha namba sita. Consolate alivuta ncha moja. Maharagwe na unga. Mwanajeshi aliona orodha mkononi mwa Elvire, akasoma, akahesabu kwa kidole. "Kumi na moja," alisema. "Pita." Nyuma yao familia moja ilikuwa imemwaga mafurushi yake yote juu ya lami, na mama mmoja alikuwa akikusanya vijiko.

Lakini kamioneti haikufika Buyenzi. Ilipokaribia Zone Industrielle ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi, ikasimama. Shakuru alifungua boneti. Alisema maneno ambayo watoto hawapaswi kusikia.

"Pompu ya petroli," alisema. "Leo hakuna kitu. Kesho nitaleta nyingine."

Ilikuwa saa kumi na moja. Kila siku, saa kumi na mbili jioni, wanajeshi walifunga barabara.

Zamani, Consolate angelia hapo. Angepanda juu ya mizigo, angefungua mafurushi barabarani. Sasa aligusa mfuko begani. Alihesabu kichwani: dawa, maji, kiberiti, viazi.

"Papa Elvire," alisema, "ghala lenu liko mita ngapi?"

"Mia mbili."

"Sukumeni gari mpaka uani kwao. Mulinzi anakujua. Mulale na muzigo. Mi na watoto tunakwenda kwa miguu."

"Bila kitu?"

"Niko na kila kitu," alisema Consolate.

Walitembea. Elvire alishika mkanda wa mfuko. Hawakusimama popote. Walifika avenyu ya kumi na tatu jua likiwa juu ya milima ya Kongo, jekundu. Vyumba vilikuwa vitupu kabisa, na vilinuka chokaa. Consolate alitandika kitenge sakafuni. Alitoa kikombe. Alitia maji. Alitoa chupa.

"Hodi hapa," ilisema sauti. Ilikuwa jirani mpya, mama mnene mwenye mtandio wa kijani, na mbabura yenye moto mikononi. "Mi ni Yasmina. Nimeona munaingia bila muzigo, nikasema watu hawa watapika na nini? Karibuni Buyenzi."

Kisha aliona chupa. "Mutoto anaumwa nini?"

Zamani Consolate alikuwa na jibu tayari. Alisema malaria. Malaria haiulizwi mara mbili. Sasa alimtazama Yasmina. Elvire naye alimtazama mama yake.

"Ana kifafa," alisema Consolate. "Anameza dawa kila jioni. Akimeza, haanguki. Hakiambukizi. Siku akianguka, nitakuonyesha namna ya kumusaidia."

Yasmina alimtazama Elvire, akatazama alama ya moto mkononi mwake. Kisha aliinama, akaisogeza mbabura mpaka nje ya kizingiti, mbali na kitenge.

"Basi moto utakaa huku," alisema. "Nionyeshe sasa hivi. Nisingoje siku hiyo."

Elvire alimeza kidonge. Consolate alimlaza Prudence ubavu juu ya kitenge, akaonyesha. Prudence alifikiri ni mchezo, akacheka mpaka akapata kwikwi.

Asubuhi kamioneti ilifika. Elvire alikuwa amesimama mlangoni toka alfajiri. Koli zilishuka. Moto, sufuria, nguo, chakula. Mbao za kitanda zilishuka mwisho. Shakuru alipangusa mikono.

"Kwisha. Nakwenda."

"Bado," alisema Elvire. "Ni kumi. Namba nane haipo."

"Kila kitu kimeshuka, mutoto! Angalia mwenyewe, gari tupu!"

"Namba nane. Picha ya kitanda. Ni blanketi."

Wote walitazama ndani ya kamioneti. Ilikuwa tupu kweli. Shakuru alianza kuapa kwamba yeye si mwizi, kwamba baba yake hakuwa mwizi. Ndipo Sylvère alishika kichwa.

"Yezu wangu," alisema. "Nimeilalia. Ilikuwa karibu na mulango, nikaitoa, nikaifanya godoro. Iko ghalani, nyuma ya chumvi!"

Consolate alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sylvère alipanda garini tena, na kwa matone ya mwisho ya petroli akarudi na namba nane kabla ya uji kupoa. Bila hesabu ile wangegundua usiku, na baridi, na wangemlaumu Shakuru bure.

"Nikihamisha watu tena," alisema Shakuru, akimnyooshea Elvire kidole cheusi cha mafuta, "nakuja kumuchukua huyu."

Wiki ileile Consolate alikwenda kituo cha afya cha Buyenzi na karatasi ya muuguzi. Chupa haikuwa imefika hata nusu.

Walihama tena mwaka uliofuata, avenyu tatu tu mbele. Safari ile walipakia kwa nusu saa. Elvire hakukosa kidonge hata jioni moja, na mwaka mzima hakuanguka.

Buterere nayo ilizidi kuwa tupu. Mwisho Mohamadi na Sijaona walikuja Buyenzi, alasiri moja ya mwezi wa nane, katika kamioneti ileile ya Shakuru. Elvire aliwangoja barabarani na chaki. Alikuwa amekuwa mrefu. Majirani walitoka kutazama, na Yasmina, aliyekuja toka avenyu yake, akiwa mbele.

Koli zilishuka. Elvire alihesabu kwa sauti. "Kumi na nne. Sawa." Kisha aliinua kichwa. "Na ya mukononi, muzee? Iko wapi?"

Mohamadi alipapasa mfuko wa shati. Alipapasa wa suruali. Alitazama mke wake.

"Makaratasi yetu..." alisema. "Nilitia ndani ya... ndani ya ile iliyoshuka kwanza."

"Miaka ishirini bandarini!" Sijaona alipiga kelele, na avenyu nzima ikasikia. "Iliyoshuka kwanza ndiyo iko chini ya zote!"

Walianza kuondoa koli kumi na tatu, moja moja, huku watu wakicheka na Mohamadi akicheka kuliko wote. Jua lilikuwa limekaribia milima ya Kongo. Elvire alitazama jua. Aliweka chaki chini. Alitoa chupa mfukoni mwake, akafungua mwenyewe, pale barabarani, mbele ya watu wote. Yasmina alimpa kikombe cha maji. Alimeza.

Kisha aliokota chaki.

"Haya," alisema, "tunaendelea. Zimebaki koli sita."